Samahani Ambayo Hakuitamka

Mwaka 2016, nikiwa na miaka 14, niliketi katika ofisi ya naibu mkuu wa shule moja ya kati mjini Lexington, jimbo la Kentucky, nikatafsiri uongo. Hakuna aliyenilazimisha. Kijana wa miaka 12, aliyetoka kambi ileile niliyotoka mimi, alieleza ukweli wake kwa Kiswahili, nami nikautoa kwa Kiingereza ukiwa umegeuzwa. Akaadhibiwa kwa maneno yangu. Jina lake sitalitaja. Nilishamsemea mara moja bila idhini yake, inatosha.

Naungama leo kwa sababu mkate wangu unatoka mahali palepale. Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa saa kusimama kati ya daktari na mgonjwa nisiache neno likapotea njiani. Kina mama wa Kikongo wakinishika mkono baada ya kazi na kuniombea baraka, huwa nashukuru haraka haraka, natafuta mlango.

Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Wazazi wangu walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 wakitokea upande wa Fizi, vita vilipoingia Kivu Kusini, na kambi ikafunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya watu kama wao. Hivyo nilikuwa Mkongo nisiyewahi kuikanyaga Kongo, nasoma ndani ya Tanzania mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, naongea Kibembe na bibi, na Kiswahili na watu wengine wote. Kambini hayo hayakumshangaza mtu, maana kila nyumba ilikuwa vivyo hivyo. Habari kubwa ilikuwa kesi za kuhamishiwa nchi nyingine: kesi ya fulani imefika wapi, nani ameitwa mahojiano, nani amepita vipimo, jina la nani limebandikwa ubaoni.

Letu lilibandikwa mwaka 2014. Oktoba tukapanda ndege kwenda Marekani, Baba amekumbatia mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za bluu, IOM, za Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, mfuko ambao kila familia ya wakimbizi ilipewa. Ndani yake mlikuwa na picha za eksirei za vifua vyetu na karatasi zote zinazothibitisha kwamba sisi ni sisi. Alikuwa ameambiwa asiuachie mpaka afike. Nadhani hata chooni alikwenda nao.

Tulifika wakati mbaya. Siku chache nyuma, Mliberia aitwaye Thomas Eric Duncan alikuwa amefariki katika hospitali moja ya Dallas, Texas, naye ndiye mtu wa kwanza kugunduliwa na Ebola ndani ya Marekani. Televisheni ziliongea Ebola asubuhi hadi usiku. Mlipuko mkubwa ulikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, mwendo wa bara zima kutoka Kigoma, lakini katika shule yangu mpya Afrika ilikuwa kijiji kimoja.

Siku yangu ya tatu nilibeba trei ya chakula nikaketi kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Msichana aliyekuwa kando yangu akasogeza trei yake, kisha akasogea mwenyewe. Mvulana wa mbele yangu akaivuta kola ya fulana yake hadi puani, akasema neno moja. Kiingereza sikukijua, ila neno hilo nililijua, kwa kuwa ni la kwetu. Ebola ni mto ulioko kaskazini mwa Kongo, karibu na mahali ugonjwa huo ulipotambuliwa mwaka 1976. Meza nzima ikacheka. Walikuwepo weupe, na walikuwepo weusi kama mimi. Hao wa pili ndio walionitoa machozi, maana Mama alikuwa ameniliwaza njia nzima: usiogope, kule wapo watu wa rangi yetu.

Miezi kadhaa hilo ndilo lilikuwa jina langu. Nikawa naoga mara mbili kwa siku. Nikamwomba Mama asipike sombe, yaani kisamvu, siku za shule, eti harufu inaganda kwenye koti. Hakuuliza sana, akawa anapika Jumamosi, madirisha wazi, baridi ikiingia.

Nikajifunza Kiingereza kama mtu anayekimbizwa. Nilijifungia bafuni nikarudia maneno ya watangazaji mbele ya kioo, mpaka Mama akagonga mlango akidhani naumwa tumbo. Baada ya mwaka mmoja na nusu mtu akinisikia kwenye simu hakuweza kujua nimetoka wapi. Nikapata marafiki. Wawili kati yao walikuwa kwenye meza ile ya kwanza. Hawakuniomba radhi, wala mimi sikuwakumbusha.

Huku nyumbani nikawa ofisi. Bili ya umeme, fomu za msaada wa chakula, simu ya daktari wa meno, barua za deni la nauli ya ndege, ambayo wakimbizi walikopeshwa wakailipa kidogo kidogo kila mwezi, yote yalipitia mdomoni mwangu. Baba alikuwa kiwandani usiku, Mama akisafisha vyumba hotelini. Mapema kabisa nilianza kupunguza chumvi. Mwalimu akisema napiga domo sana darasani, Mama alifikishiwa kwamba nashiriki vizuri. Mama akiuliza kama nasoma kwa bidii, mwalimu alifikishiwa kwamba Mama anamsalimu. Niligundua jambo ambalo mtoto hapaswi kuligundua: mwenye lugha mbili kati ya watu wa lugha mojamoja hana wa kumkagua.

Kisha ukaja mwaka 2016. Mwaka ule wa bajeti Marekani ilipokea wakimbizi karibu 85,000, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote, zaidi ya 16,000. Sehemu yao walikuja Lexington, maana mtu huenda alipo mtu wake. Kila mwezi kanisani ilisimamishwa familia mpya ipigiwe makofi. Mama alilia kwa furaha. Mimi niliwatazama watoto wao, koti kubwa kuliko mwili, viatu vya msaada, macho yanayohangaika, nikahisi kama mtu anapita na picha yangu ya zamani akiwaonyesha watu.

Kijana yule wa ofisini alifika Februari. Mama zetu walichota maji bomba moja kule kambini. Asubuhi yake ya kwanza kwenye basi la njano la shule aliniona, akapaza sauti: “Yaya!”

Huko pwani yaya ni mlezi wa watoto. Kwetu Fizi ni kaka au dada mkubwa. Ukimwita mtu hivyo umemheshimu na umejiweka mikononi mwake. Basi zima likageuka. Mimi nikageukia dirishani.

Kama wiki mbili baadaye, saa ya chakula, rafiki yangu mmoja akaniuliza: “Yule mtoto anakuita nini kila siku? Ni ndugu yako?” Watu sita walikuwa wakinisubiri. Kijana mwenyewe alikuwa meza ya tatu, peke yake, anamenya chungwa. Ningeweza kusema ni jirani yetu. Ningeweza kusema simjui. Nikaivuta kola ya fulana yangu hadi puani, nikalisema neno lile.

Meza ikacheka. Safari hii nilikuwa upande wa wanaocheka, na sitaficha: nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo. Kufikia Ijumaa watoto ambao sikuwahi hata kuongea nao walikuwa wakimwita hivyo kwenye korido. Ebola ya televisheni ilikuwa imeshasahaulika. Mimi ndiye niliyeifufua.

Aprili kijana yule akampiga mvulana mmoja ngumi ya mdomo. Niliitwa kwa kipaza sauti nikatafsiri, nikiwa kwenye somo la sayansi. Nilitembea kwenye korido nikijisikia mkubwa, mtu anayehitajiwa na wakubwa.

Ofisi ilikuwa ndogo. Mezani palikuwa na bakuli la peremende, ukutani kalenda yenye picha za farasi, kama zilivyo kuta nyingi za mji ule wa farasi. Viti vilikuwa vitatu na mimi nikawekwa cha katikati. Kijana alikuwa amefunga karatasi ya chooni kwenye vifundo vya mkono wa kulia, imeloa damu. Aliponiona akashusha pumzi. Aliamini wake amefika.

“Muulize kwa nini amempiga,” akasema naibu mkuu.

Nikamuuliza. Akaongea kwa Kiswahili cha kwetu, haraka, bila kuniondolea macho:

“Yaya, umwambie kila siku bananiita Ebola. Kwa basi habataki nikae karibu yabo. Leo ule amekamata chakula yangu akaitupa kwa takataka, anasema batu basikufe. Nimemwambia aache, mara tatu. Umwambie na weye uliona. Si ulikuwako, yaya?”

Sikuwa na kigugumizi cha lugha. Kila neno nililielewa na kila neno nilikuwa na la kulilipa kwa Kiingereza. Ila nilihesabu haraka kuliko nilivyowahi kuhesabu darasani. Nikisema Ebola, swali litakalofuata ni nani alianza. Aliyepigwa yuko chumba cha pili na barafu mdomoni, akiulizwa atanitaja. Marafiki zangu watajua nimewachongea. Nami nitarudi kwenye kile kiti ambacho watu husogea mbali nacho.

Nikamgeukia naibu mkuu. “Anasema alikasirika,” nikasema. “Anasema sori.”

Akanitazama. Kijana alikuwa ameongea karibu dakika nzima.

“Ni hayo tu?”

“Ni hayo tu.”

Akaandika. Akasema amefurahi kwamba kijana amejutia kosa, lakini sheria za shule ni sheria: siku tano nyumbani. Akaniomba nimfikishie. Nikamgeukia kijana nikamwambia: “Anasema amekuelewa. Ila utakaa nyumbani siku tano.” Alinitazama kama mtu aliyelipa nauli akashushwa njiani.

Mama yake alifika baada ya saa moja, sweta ya kiume juu ya kitenge. Aliketi ukingoni mwa kiti. “Mwanangu si mgomvi,” akaniambia. “Umuulize huyu mkubwa, watoto wamemtendea nini?” Nikamwambia naibu mkuu: anauliza mtoto atarudi lini. Jibu la tarehe lilipotoka, nikampelekea mama jibu langu: “Anasema huku Marekani hata ukitukanwa hupigi.” Akaitikia kwa kichwa taratibu, akakubali kwamba ni mila ya ugenini ambayo hajaijua. Akanishika mikono yote miwili. “Aksanti, mwanangu. Bila weye tungekuwa bubu.”

Jioni ile akaleta nyumbani bakuli la sombe lenye ndagala, yaani dagaa, limefunikwa kwa sahani. Mama akanipakulia mimi kwanza, kwa fahari, kwa kuwa ni malipo yangu. Nilikula. Niliimaliza, na ilikuwa tamu.

Kijana aliporudi shuleni hakuniita yaya tena. Hakuniita chochote. Alikaa viti vya mbele nyuma ya dereva mpaka shule zilipofungwa, na wakati wa kiangazi familia ikahamia Iowa, kwenye viwanda vya nyama, kama walivyofanya Wakongo wengi. Niliposikia wamehama nilishusha pumzi. Hilo pia ni sehemu ya kosa.

Miaka sita baadaye nilijiandikisha kwenye mafunzo ya saa 40 ya ukalimani wa hospitali. Siku ya kwanza tulisimuliwa kisa ambacho wakalimani wengi wa Marekani husimuliwa. Mwaka 1980, huko Florida, kijana wa miaka 18 aitwaye Willie Ramirez alifikishwa hospitalini akiwa amepoteza fahamu. Ndugu zake walitumia neno la Kihispania, intoxicado, wakimaanisha wanahofia amekula kitu kibaya. Madaktari wakasikia amelewa dawa za kulevya. Damu iliyokuwa ikivuja kwenye ubongo haikuonekana kwa wakati, naye akapooza mikono na miguu. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya fidia ya takriban dola milioni 71. Darasa zima likasikitika: neno moja tu! Mimi nilikuwa najihesabia yangu. Lile la Florida lilipotea kwa kutojua. Ya kwangu niliyapoteza najua.

Kisha mwalimu akaandika ubaoni kanuni: usiongeze, usipunguze, usigeuze. Na mgonjwa akisema “mimi”, mkalimani naye husema “mimi”, maana sauti hiyo si yake. Nikakumbuka ofisi ile. Nilikuwa nikisema “yeye, yeye”, na muda wote aliyekuwa akijisemea alikuwa mimi.

Utetezi ninao, na nimeutumia miaka. Nilikuwa mtoto. Nilionewa kabla ya kuonea. Shule haikupaswa kuniita. Yote ni kweli. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumweka mtoto katika masomo ambayo lugha yake haielewi, bila kumsaidia, ni kumnyima elimu. Hospitalini mambo yako wazi zaidi: kanuni za mwaka 2016 zilikataza kumtegemea mtoto kutafsiri, isipokuwa dharura. Mtu mzima aliyeniweka kiti cha katikati alikosea.

Lakini utetezi wote huo unaishia mlangoni mwa ofisi. Haufiki kwenye meza ya chakula. Pale hapakuwa na naibu mkuu aliyeniita, wala hapakuwa na tafsiri yoyote. Palikuwa na neno lililoniumiza, nililojua linauma wapi na kwa kina gani, nami nikalichukua nikampa mtoto mdogo aliyeniita dada. Walionibagua mimi hawakujua wanachokifanya kama nilivyojua mimi. Ndiyo maana nakataa kujificha nyuma yao.

Mwaka jana nilipata namba yake kupitia watu wa kanisa. Alipokea kwa Kiingereza safi cha katikati ya Marekani. Nilijitambulisha kwa Kiswahili, akanyamaza, kisha akajibu kwa Kiswahili cha mtu asiyekitumia kila siku. Nikamwambia nimepiga kumweleza kilichotokea ofisini, kwamba sikutafsiri alichosema.

“Nilijua,” akasema.

Nikadhani hakunielewa. Nikaanza kueleza upya. Akanikatiza.

“Kiingereza changu kilikuwa maneno kama 20. Sori lilikuwa mojawapo. Nilikusikia ukilisema. Mimi sikuwa nimesema samahani.”

Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba mle chumbani hakuna aliyejua ila mimi. Kumbe alijua papo hapo, akanyamaza, kwa kuwa angemwambia nani na kwa mdomo wa nani? Usiku ule alimweleza hata mama yake, akaambiwa asimsingizie mtoto wa watu aliyewasaidia.

Nikamwambia na la pili, la kola na meza, kwamba jina lile lilianzia kwangu. Hilo hakuwa analijua. Alikaa kimya muda mrefu. Nilisikia upande wake mlango wa gari ukifungwa, na mtu akimwita. Akasema inabidi aingie kazini. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Hajanipigia tena.

Basi mzazi mwenzangu wa ugenini, uwe Kentucky, Iowa, Norway au popote wanapokuita shuleni au hospitalini: usiende na mtoto wako akusemee, na usikubali wa jirani akusemee. Jifunze neno moja la nchi hiyo, lile linalomaanisha mkalimani, na ulirudie mpaka wamlete, kwa simu au kwa miguu. Katika shule na hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu, mkalimani humlipi kitu, na huombi fadhila. Ukirudi nyumbani, muulize mwanao kwa lugha yenu wanamwita nani shuleni. Kisha muulize na yeye anamwita nani.